Karantini ya Bwana Chui

Paukwa!

— Pakawa!

Hapana, hiyo ni ya watu wenye usingizi. Tena! Paukwa!

— Pakawaaa!

Niseme nisiseme?

— Sema!

Nikisema uongo?

— Tutaumeza!

Nikisema kweli?

— Tutakusamehe!

Chui alikuwa na nini?

— Na tumbo!

Na nguchiro?

— Na akili za kugawa!

Haya, sogeeni. Wewe mwenye muhindi, tafuna polepole, nataka nisikie mwenyewe ninachosema.

Hapo kale wanyama walikuwa na nchi zao na mipaka yao. Palikuwa na nchi mbili jirani, katikati mto. Upande wa huku Bondeni, upande wa kule Milimani. Milimani ndiko kwao mbwa. Bondeni ndiko kwao Bi Nguchiro.

Huyu Bi Nguchiro alikuwa mdogo. Mdogo, mdogo, mdogo! Ukimwekea kikapu kichwani anapotea. Lakini mimi nampenda huyu mama, sifichi, na mkimaliza kunisikiliza nanyi mtampenda. Aliishi ndani ya kichuguu ambacho mchwa walikihama zamani. Kilikuwa na vyumba vya juu na vyumba vya chini, mlango wa mbele, mlango wa nyuma, na mlango mwingine asioujua mtu. Kazi yake ilikuwa kulea mbwa. Mbwa wa Milimani wakipata safari, walimletea watoto wao. Anawalisha, anawaogesha, anawatoa viroboto mmoja mmoja kwa meno yake mwenyewe, anawalaza. Ulimletea mtoto mwenye upele, ulirudishiwa mtoto anayeng'aa.

Sasa, kulikuwa na sheria. Mwaka mmoja mbwa mwenye kichaa alivuka mto akauma aliowauma, na waliofiwa walilia sana. Mfalme Tembo akakaa, akafikiri, akatoa amri. Mbwa yeyote atakayelala nje ya nchi yake, lazima awe na cheti cha afya.

Cheti chenyewe kilikuwa ukindu. Mganga wa kule anakotoka mbwa anamkagua. Anatazama macho, anatazama fizi, ananusa masikio, anampa maji anywe aone kama anayaogopa. Akimwona mzima, anakata ukindu mbichi, anamfunga shingoni kwa fundo wanalolijua waganga tu. Ukindu ukiwa mbichi, cheti ki hai. Ukindu ukikauka, cheti kimekufa, na kipya kitafutwe hukohuko kwao. Mbwa asiye na cheti, au ambaye cheti chake kimekufa, anatiwa karantini. Anakaa peke yake mpaka kwao walete kingine. Na yeyote atakayeonekana anatoa povu na kuogopa maji, awe mbwa, awe nani, karantini palepale, bila maneno.

Mnaona ubaya hapo? Mimi siuoni. Ni sheria nzuri. Ubaya uliingia walipotafuta wa kuisimamia. Wakauliza, nani ana macho makali? Chui. Nani ana pua kali? Chui. Nani hatachoka kukaa kivukoni kutwa nzima akitazama mbwa wanavyopita? Chui akajibu mwenyewe kabla swali halijaisha.

"Mimi!"

Basi huyu Chui, mhamiaji kutoka nchi ya Nyikani, akawa Bwana Afya wa Kivukoni, na pango lake likawa karantini. Mbwa mmoja akaingia. Mbwa wa pili akaingia. Mbwa wa tatu akaingia. Watu wakiuliza, "Bwana Afya, yule mbwa wa juzi yuko wapi?" Chui anajipangusa midomo, anasema, "Amepona. Ametoka kwa mlango wa nyuma." Na pango lile, jamani, halikuwa na mlango wa nyuma.

Watu walijua? Walijua nusu. Nusu nyingine waliiogopa, maana Chui alikuwa na makucha, na tena alikuwa na cheo. Mfalme Tembo alikuwa mbali na mambo yake ya ufalme.

Siku moja akaja mama mmoja kutoka Milimani, mbwa mwekundu, akiitwa Mama Tibwili. Alikuwa na watoto watatu: Tibwili mwenyewe, Kidawa, na kitinda mimba Nyenye, ambaye hata kubweka alikuwa hajui vizuri. Mbwa wote wakubwa wa Milimani walikuwa wameitwa kwenda kufukuza ngiri mashambani mpaka mavuno yaishe. Nyumbani hapakubaki mtu. Mama Tibwili akaja amebeba mkia wa kondoo mdomoni, ule mkia mnene uliojaa mafuta, zawadi ya mlezi. Watoto nyuma yake, kila mmoja na ukindu wake shingoni, kijani kibichi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, Mama Tibwili, karibu ndani! Habari za Milimani?"

"Nzuri kidogo, Bi Nguchiro. Nimekuletea hawa. Mganga amewakagua jana, wazima wote." Kisha akashusha sauti. "Dada yangu, nasikia mambo ya huyo Bwana Afya wenu. Mimi nina hawa tu. Nikirudi niwakute watatu."

"Utawakuta watatu," akasema Bi Nguchiro.

Alilisema hilo neno na likamkaa kifuani. Mama Tibwili akawalamba watoto, akageuka, akaenda zake bila kutazama nyuma, maana angetazama asingeenda.

Asubuhi yake, nyata, nyata, nyata! Nani huyo? Chui. Akaketi mbele ya kichuguu, mkia wake unacheza vumbini.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Wageni wako watoke niwakague."

Wakatoka watatu. Chui akanyoosha ukucha, akaubinya ukindu wa Tibwili. Ukindu mkavu hulia kwaru. Ukindu mbichi haulii. Akabinya. Kimya. Akabinya wa Kidawa. Kimya. Akabinya wa Nyenye, na mate yakamdondoka, to! yakamwangukia Nyenye puani.

"Bado mbichi," akasema. "Nitarudi."

"Karibu tena, Bwana Afya."

Kesho yake, nyata, nyata, nyata! Akabinya wa kwanza. Kimya. Wa pili. Kimya. Wa tatu. Kimya.

"Bado mbichi. Nitarudi."

"Karibu tena, Bwana Afya."

Akawa anarudi kila siku. Jua likawaka, majani ya porini yakawa manjano, tope la mtoni likapasuka. Chui akaja, akabinya. Kimya! Akatazama ukindu. Kijani! Akajikuna. Mbwa wengine ukindu wao hukauka upesi, hawa wana ukindu gani?

Niwaambie? Kila alfajiri Bi Nguchiro aliwapeleka watoto mtoni. Hakuwazamisha. Aliwakalisha kwenye maji ya kina cha shingo, ukindu unaelea, anawasimulia hadithi mpaka jua litoke. Nani kamfundisha? Hakuna. Akili za kugawa, mmesema wenyewe!

Lakini Chui naye hakuwa mjinga kiasi hicho. Siku moja aliwahi kuja, akawakuta shingo zinatiririka.

"Aha!" akanguruma. "Unalowesha vyeti!"

"Naogesha watoto, Bwana Afya. Kuna sheria ya kutooga?"

Chui akafikiri. Sheria hiyo haikuwapo. Basi akaitunga palepale, kwa mdomo wake.

"Kuanzia sasa, ukindu ulioloweshwa ukaguliwe saa ya jua kali, juu ya jiwe la moto. Kesho, jua likifika utosini, watoto wakae juu ya jiwe kubwa la kivukoni. Ukindu ukilia kwaru, ni wangu. Nasema, ni wa karantini. Na ukiwaficha, ninaleta nyati waje wakivunje kichuguu chako, maana sheria inasema nyumba isilaze mbwa asiye na cheti."

Moyo wa Bi Nguchiro ukaanguka, pu! Aliogopa, na kwa nini asiogope? Alifikiria ule mlango wake wa siri. Akaenda kujaribu kumpitisha Tibwili. Hakupita. Akajaribu Kidawa. Hakupita. Hata Nyenye alikwama tumboni. Alikuwa amewalisha vizuri mno, wamenenepa wote. Alikaa chini akajilaumu kwa uji ule mzito.

Watoto walimzunguka. "Bibi, tunakwenda wapi?" akauliza Nyenye.

"Hamwendi popote," akasema, ingawa alikuwa hajui bado watabakije.

Hapo akauona mkia wa kondoo umening'inia ukutani, na akayakumbuka yale mate ya Chui. Kisha akainuka, akamfuata Chui mpaka kivukoni, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Bwana Afya, nimekuja na ombi. Jambo la sheria lisifanyike kichochoroni. Watu watasema mkubwa amewaonea wadogo. Waite wote. Muite na Korongo, tarishi wa Mfalme. Waone jinsi unavyofanya kazi yako."

Chui akajinyoosha. Alikuwa hajawahi kuombwa aonekane, na aliyapenda madoa yake. "Umesema vizuri. Wewe ni mdogo lakini una heshima. Watakuja wote."

Na ili kesho afaidi vizuri, jioni ile Chui hakula. Alitunza nafasi. Watoto watatu wanono, nani atawapokea na tumbo lililojaa?

Asubuhi, Bi Nguchiro akasogeza chungu kikubwa kivukoni, karibu na jiwe. Akakiweka juu ya mafiga, akawasha moto. Akatia majivu na maji, akachuja. Akaukata mkia wa kondoo vipandevipande, akatia mafuta yote. Akakoroga. Bwata, bwata, bwata! Mnajua anapika nini? Kimya, msiseme, Chui asisikie.

Chui alisikia kwa pua. Jua lilikuwa bado halijapanda, watu walikuwa bado njiani. Nyata, nyata, nyata! Tumbo lake linalia, nguruu!

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Chungu hicho kina nini?"

"Sabuni, Bwana Afya."

"Mbona inanukia mkia wa kondoo?"

"Kwa sababu nimeutia mkia wa kondoo."

"Basi ni mchuzi."

"Ni sabuni. Ya kuwaogeshea watoto kabla hujawakagua, wakufikie bila kiroboto."

"Mafuta yote hayo uwapake mbwa?" Chui akacheka kwa pua. "Bi Nguchiro, mimi ni mtu wa serikali. Najua maneno yanavyofanya kazi. Mtu akiwa na kitu chake kitamu hakiiti kitamu. Anakipa jina baya ili wengine wasikisogelee."

"Mimi naiita sabuni kwa sababu ni sabuni. Usile, nakuomba. Itakutoa povu."

"Eti povu!"

"Povu jingi. Puani na mdomoni. Nakuomba, Bwana Afya, watu wanakuja."

Aliomba kweli, kwa mikono miwili. Sasa hapo ndipo ninapomvulia kofia huyu mama. Hakusema uongo hata wa kulamba. Kila neno lilikuwa kweli tupu, lakini alimwambia mtu ambaye mwenyewe aliliita tumbo lake karantini. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kweli anatafuta umeficha nini.

Bi Nguchiro akaepua chungu kipoe. "Naenda kuwachukua watoto," akasema. "Usiguse."

Akaenda, na hakugeuka.

Chui akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akachovya ulimi. Kulikuwa na ukali kidogo, akasema ni pilipili. Kulikuwa na chumvichumvi, akasema ndiyo mapishi. Mafuta yalikuwa mafuta kweli. Lapu! Lapu, lapu! Lapu, lapu, lapu! Akaingiza kichwa kizima kwenye chungu. Akalamba chini, akalamba pembeni, akalamba mwiko. Alipokitoa kichwa, chungu kilikuwa cheupe ndani.

Watu wakaanza kufika. Nyati wakaja kwa kishindo, tindi, tindi, tindi. Pundamilia wakaja. Kima wakaja na kelele zao. Korongo, tarishi wa Mfalme, akatua juu ya mguu mmoja. Bi Nguchiro akaja na watoto watatu, akawapandisha juu ya jiwe. Jua likafika utosini.

Chui akapanda mahali pa juu ili aonekane. Akakohoa.

"Ndugu wanan..."

Povu likatoka. Dogo tu, pembeni mwa mdomo. Akalifuta.

"Ndugu wananchi, leo nime... fuuu! ... nimewaita... fuuu!"

Likatoka puani. Likatoka mdomoni. Kila akisema neno, linazidi. Kila akilifuta, linazidi. Likamjaa kidevuni, likamshuka kifuani, likaficha madoa. Nyati wakarudi nyuma hatua moja. Pundamilia wakarudi nyuma hatua nyingi. Kima mmoja akapiga ukelele juu ya mti.

"Povu! Anatoa povu!"

"Jamani, mpeni maji," akasema Bi Nguchiro.

Wakamletea maji kwenye kifuu. Chui akanywa kwa pupa, maana koo linawaka. Eeh, ninyi mnaofua nguo mnajua sabuni ikikutana na maji inakuwaje! Bu, bu, bu, bu! Akatoa mapovu makubwa yanayopaa. Wakamletea kifuu cha pili. Chui alipoyaona yale maji, akaruka nyuma, manyoya yamesimama.

"Ondoeni! Ondoeni maji!"

Watu wote wakashika vifua. "Anaogopa maji!"

Korongo akanyoosha shingo yake ndefu, akasema sheria kwa sauti ya tarishi. "Yeyote atakayeonekana anatoa povu na kuogopa maji, awe mbwa, awe nani..."

"Ni sabuni!" akapiga kelele Chui. "Fuuu! Nimekula sabuni!"

"Maskini," akasema nyati mmoja. "Ameshaanza kupayuka. Nani duniani anakula sabuni?"

"Muulizeni huyo! Bi Nguchiro, waambie! Waambie ni sabuni!"

Wote wakamgeukia Bi Nguchiro. Naye akasimama kwa miguu ya nyuma, mdogo vilevile, akasema wazi wote wasikie.

"Ni kweli. Ni sabuni. Nilimwambia asile, akala chungu kizima."

Watu wakatazamana. Kisha mama mmoja wa pundamilia akajifuta machozi.

"Mnamwona mtu mwenye huruma! Huyu Chui amekuja kumchukulia watoto, na bado anamtetea mgonjwa asitiwe karantini. Mungu amjalie."

"Nimesema ni sabuni," akasema Bi Nguchiro.

"Tumesikia, mama, tumesikia. Pumzika."

Nyati wakateremsha pembe. Chui akaenda kinyumenyume, fuuu, fuuu, mpaka mlangoni kwa pango lake mwenyewe. Ila kabla hawajamwingiza, Korongo alichungulia ndani kuona kama pana nafasi. Akatoka taratibu. Akawaachia na wengine wachungulie.

Ndani palikuwa na ukindu. Ukindu mkavu mwingi, umelala chini, kila mmoja na fundo lake la mganga bado halijafunguliwa, na mifupa katikati. Kima wakanyamaza, nao si watu wa kunyamaza. Bi Nguchiro alichungulia, akauona ukindu mdogo sana, wa shingo ya mtoto. Akalia pale pale, hakuona aibu. Hata mimi ninapofika hapa sipendi kuharakisha.

Wakamwingiza. Wakasukuma jiwe kubwa, gurrruuu! Wakaacha ufa mwembamba wa kupitishia maji na mabaki, kwa sababu mgonjwa ana haki yake.

Haya, wakarudi kivukoni. Watoto wako palepale juu ya jiwe la moto, wamesahauliwa. Korongo, ambaye kazi ni kazi kwake, akambinya Nyenye shingoni kwa mdomo wake mrefu.

Kwaru!

Akambinya Kidawa. Kwaru! Tibwili. Kwaru!

"Bi Nguchiro," akasema Korongo, na kwa kweli alihuzunika, "vyeti vya watoto hawa vimekufa. Sheria inasema karantini."

Watoto wakajikunyata. Bi Nguchiro akajipangusa machozi, akamtazama Korongo machoni.

"Nakubali, tarishi. Sheria ni sheria. Karantini ni moja, au ni mbili?"

"Ni moja."

"Na ndani yake yumo nani?"

"Chui."

"Mwenye nini?"

"Mwenye kichaa."

"Na sheria inasema mtu akae karantini na wenzake?"

Korongo akaukunja mguu mmoja, akaushusha, akaukunja mwingine. "Inasema akae peke yake."

"Basi imejaa," akasema Bi Nguchiro. "Watoto wakae kwangu mpaka ipatikane nafasi."

Watu wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Nyati wakacheka mpaka vumbi likaruka. Korongo akaenda kumuuliza Mfalme Tembo, na Mfalme Tembo akasema mwanamke yule mwacheni, asije akanifikia na mimi.

Watoto wakakaa. Wakala uji mzito. Mavuno yakaisha, mawingu yakakusanyika, na siku moja tone la kwanza likaanguka, to! Mbwa mwekundu akaonekana anavuka mto mbio, amekonda, mguu mmoja una jeraha la pembe ya ngiri, na mdomoni amebeba ukindu mbichi aliopewa na mganga wa kwao, maana alihesabu moyoni akajua vyeti vimekufa. Njia nzima alikuwa hajalala. Alifika mbele ya kichuguu akashindwa hata kupiga hodi.

Akatoka Tibwili. Akatoka Kidawa. Mama akangoja. Akangoja. Nyenye alikuwa amekwama mlangoni, kwa unene. Bi Nguchiro akamsukuma kutoka ndani, poo! akatoka.

Mama Tibwili akawanusa mmoja mmoja. Wanang'aa. Akalala chini, akaweka kichwa miguuni pa Bi Nguchiro, mbwa mzima kwa nguchiro mmoja, na hakuna aliyecheka.

Sasa mtauliza, na Chui? Chui alikuwa mzima. Povu lilishamwisha siku ileile. Kila siku alikwaruza jiwe, kwa, kwa, kwa. "Nifungulieni! Sina ugonjwa! Nimepona!" Mpaka Korongo akamwonea huruma, akasogea kwenye ufa.

"Bwana Chui, hata mimi naona umepona. Lakini sheria unaijua kuliko mimi, wewe ndiye ulikuwa ukiisimamia. Karantini anatoka mwenye cheti kipya. Wewe si mwenyeji wa hapa, ulikuja kutoka nchi ya Nyikani. Mganga wa kwenu akutumie ukindu mbichi, jiwe linaondoka leo."

Ndani makucha yakaacha kukwaruza.

"Mganga wa kwenu ni nani, nikamwite? Mimi naruka, sitachelewa."

Kisha sauti ndogo, ndogo kama ya Nyenye.

"Alikuwa Mbuzi."

"Alikuwa? Kwani sasa yuko wapi?"

Korongo akasogeza sikio kwenye ufa.

"Nilimla," akasema Chui.

Haya, hadithi nimeitoa mdomoni, iko mikononi mwenu. Ikiwaunguza, itupeni, ikiwa tamu, mlambe vidole.

Na fundisho? Msiniangalie hivyo, fundisho lipo. Mmemwona mtu mkubwa, mwenye cheo, mwenye madoa mazuri, alivyoangushwa. Ameangushwa na nini? Sabuni! Basi fundisho ni kwamba sabuni ni kitu cha hatari sana kwa afya ya binadamu, na mwenye akili asiisogelee. Kwa hiyo leo mkalale bila kuoga. Mama zenu wakiwauliza nani kasema, msinitaje mimi. Semeni kasema Bwana Afya.